Ng'ombe wa Gidabuday

Tarehe ishirini na nane ya kila mwezi, kabla sijanunua hata kipande cha sabuni, nilikuwa natenga sitini elfu. Napika kwenye hoteli moja jirani na stendi ya Katesh, na mshahara wangu ni laki mbili na ishirini. Aliyenifundisha kutenga ni Kornelia, mpishi mwenzangu aliyenitangulia kazini. Alisema, "Gaudensia, toa kwanza. Kinachobaki ndio mshahara wako." Mwezi wa kwanza nilishindia uji wiki nzima. Kufikia mwezi wa sita mkono ulikuwa umezoea kutenga, na mdomo nao umezoea kusema "sina." Mtu akianza tu kuniomba, "sina" imeshatoka. Nilijiona mjanja. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Hela zilikuwa za nyumba ya mama. Mama yangu, Marieta, aliishi Tlawi kwenye nyumba ya udongo iliyovuja kila masika, na moshi wa jikoni ulimkohoza mpaka anashika ukuta. Nilitaka bati, sakafu ya saruji, na jiko la pembeni. Nilitaka nijenge mara moja, nimkabidhi ufunguo. Sikumwambia. Nilitaka nimwone uso siku hiyo.

Hela ikikaa kwenye simu inaliwa, kila mtu anajua. Kwetu akiba ni ng'ombe. Basi zilipofika za kutosha nilikwenda mnadani Katesh, nikanunua mtamba mweusi mwenye paji jeupe kwa mfugaji mmoja wa tambarare za Hanang, mzee mrefu anayeitwa Gidabuday. Nikamlipa mwenye fuso, ng'ombe akapanda Mbulu mpaka Tlawi kwa mama.

Hapo ndipo nilipodanganya.

Mama alikuwa mtu wa kutoa. Kaka yangu Nicodemo, anayekaa naye jirani, alikuwa mtu wa kuomba. Mbuzi watatu wa mama waliondoka hivyo hivyo, mara pikipiki ya Nicodemo imeharibika, mara Nicodemo ana deni, mara Nicodemo anataka kufungua duka ambalo mpaka leo sijaliona mlango. Nikajua nikisema ng'ombe ni wangu, atakwenda njia ya mbuzi. Kwetu mtu anaweza kumkabidhi mwenzake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, anapata samadi, ila ng'ombe si wake na hawezi kumuuza hata kama paa linaungua. Na huulizi sana mambo ya mwenye mali. Kwa hiyo nilimwambia mama, "Huyu ni wa Gidabuday, mfugaji wa Hanang. Ameniomba nimtafutie mtunzaji mwaminifu."

Mama akaufurahia uaminifu huo kuliko maziwa. Nicodemo naye, aliposikia jina la mfugaji wa kule chini, ambako ng'ombe wa mtu hachezewi, hakumgusa ng'ombe hata mkia. Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka Dongobesh.

Miaka minne ikapita. Nikanunua wa pili, wa tatu, wote "wa Gidabuday." Wakazaa. Ndama mmoja alipokufa kwa homa, mama alimchuna, akaianika ngozi pamoja na masikio, akaikunja akaichomeka darini.

"Ya nini mama? Itupe," nilimwambia.

"Nitupe? Mwenyewe akija lazima aione. Asije akasema tulimla."

Ningeweza kumwambia siku ile. Tulikuwa wawili tu, tunachambua maharage. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nahesabu bati kichwani, na nilibakiza miezi michache tu.

Mwaka huu mwezi wa nne, siku ya Jumatatu, Nicodemo akanipigia. "Mama anaumwa tumbo. Tuma hela tukodi gari tumpeleke hospitali."

Nilikuwa nimesimama kwenye sufuria ya wali, wateja wananiita. Mara mbili huko nyuma aliwahi kumwuguza mama kwenye simu wakati mama yuko shambani mzima wa afya. Nikasema, "Sina."

"Gaudensia, safari hii ni kweli."

"Nipe mama."

Sauti ya mama ilikuwa ndogo. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. "Ni tumbo tu, mwanangu. Litapita. Najua mshahara wako, usijisumbue."

"Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi, mama."

"Si neno."

Kwenye simu ile ile niliyokuwa nimeishika kulikuwa na laki mbili na themanini. Zilikuwa za bati. Nilirudi kwenye wali.

Jumanne na Jumatano sikupiga. Alhamisi mama alizimia, wakambeba kwa pikipiki, Nicodemo nyuma amemkumbatia. Daktari akasema utumbo umejisokota, na kwamba angefika siku mbili tatu nyuma wangempasua na angepona. Ijumaa asubuhi, nikiwa kwenye basi, Nicodemo akapiga. Nilimsikia analia tu, na mimi nikamwambia dereva anishushe, sijui kwa nini, nikashuka nikakaa kando ya barabara kwenye majani.

Tulimzika Jumapili. Watu wa Tlawi walijaa uani, mvua ikinyesha nyembamba. Mazishi yalipokwisha, akaingia mzee mrefu mwenye fimbo, shuka begani, viatu vya tairi vina matope mpaka kwenye kifundo. Nikamtambua.

"Shikamoo," watu wakasema.

"Marahaba. Poleni. Naitwa Gidabuday. Nilipigiwa simu kwamba kuna ng'ombe wangu hapa na aliyewatunza amefariki. Nimekuja kuwapa pole kwanza. Mambo ya ng'ombe yangengoja, lakini nimeitwa."

Nicodemo akasimama. Ni yeye aliyetafuta namba yake kwa watu wa mnadani. "Ni mama alisema," akaeleza. "Alipozinduka kule hospitali. Alisema, kabla hamjagawana hata kijiko changu, mwiteni mwenye ng'ombe." Akaingia ndani, akatoka na ile ngozi ya ndama. "Alisema nikukabidhi hii mkononi. Ndama alikufa kwa homa. Hakuliwa."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaangalia masikio yaliyochomoza kutafuta alama yake, kisha akaenda zizini taratibu. Alikaa huko muda. Mimi sikuinuka. Ningeweza kumkimbilia na kumnong'oneza, lakini sikuinuka.

Aliporudi alisema, "Mimi sina ng'ombe hapa."

Akaelekeza fimbo zizini.

"Yule mweusi wa paji jeupe namjua, alizaliwa kwangu. Nilimuuza mnadani Katesh. Nilimuuzia huyu dada." Akanionyesha kwa kidevu.

Nicodemo akageuka. Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige mbele za watu, ningepata pa kushika. Akauliza polepole, "Ni wako?"

Nikaangalia chini.

"Nilimpigia magoti, Gaudensia. Jumatatu ile ile, uliposema huna. Nikamwambia mama, tuuze mmoja tu, nitakwenda Hanang mwenyewe nimweleze mwenye mali. Akachukua fimbo akiwa amelala pale pale kitandani. Akasema, umemaliza mbuzi zangu, sasa unataka kuniibisha ng'ombe wa watu? Akasema heri afe jina lake likiwa safi. Alidhani nimeanza tena."

Uongo wangu niliutengeneza ili umzuie Nicodemo, na ulimzuia. Ulimzuia hata siku ile moja katika maisha yake aliyokuwa anasema kweli.

"Ni wa mama," nikasema. "Wote ni wa mama. Walikuwa nyumba yake. Nilitaka kumjengea." Nililisema hilo nikimwangalia Nicodemo, halafu nikaliangalia kaburi, udongo bado mwekundu na mbichi.

Gidabuday alikuja mpaka nilipokaa. Alikuwa ametembea umbali mrefu kwa kuitiwa mali isiyo yake, na hakuonyesha hasira. Akaniwekea ile ngozi mapajani.

"Basi pokea wewe," akasema. "Nimewahesabu. Ni saba, wote wazima. Amekutunzia vizuri."

Ngozi ilikuwa kavu na nyepesi, inanuka moshi wa jikoni kwake. Mama alikuwa ameifunga kwa kipande cha kanga yake, mafundo mawili, isije ikafunguka kabla mwenyewe hajaiona.