Baba Mkwe Aliyeketishwa Mezani

Filamu iliyotokana na kitabu cha Tulinagwe ilionyeshwa Msasani, si mbali na kijiji chao, kwenye banda la video la Siham, Jumapili baada ya ibada, mvua ikipiga bati hata sauti ikabidi ipandishwe mpaka mwisho. Tulinagwe alikalishwa benchi la mbele na kupewa soda, maana ndiye mwenye maisha yenyewe.

Kitabuni alikuwa amesimulia jinsi ambavyo katika ndoa yake yote hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake, mzee Ambilikile. Kwao Lupepo, mwanamke akimwona baba mkwe anakuja, huingia migombani mpaka apite. Alisimulia pia kwamba mumewe alipofariki, shemeji yake Asajile alilitwaa shamba lake la migomba, na hadi leo hajalirudisha.

Filamu ilikuwa tamu kuliko kitabu. Humo mzee Ambilikile aliketi meza moja na mkwewe, wakanywa chai wakitazamana, na mwishoni Asajile akapiga magoti na kurudisha shamba. Banda zima lilitoa machozi. Asajile mwenyewe, aliyekaa nyuma, alilia kuliko wote, na alipotoka nje alikuwa ameshaamini kwamba shamba amelirudisha. Tulinagwe alibaki macho makavu, roho ikimuuma.

"Hongera mama, umerudishiwa shamba," Siham alimwambia mlangoni.

"Sijarudishiwa, mwanangu."

"Jamani! Si tumeona sote?"

Sokoni wakasema hivyohivyo, na kanisani pia. Tulinagwe akaona akinyamaza shamba litapotea kabisa, akaomba ukoo ukae.

Ukoo ulikaa nyumbani kwa Ezron, mkubwa wao. Hawajafika mbali, mzee Ambilikile akaingia. Alikuwa amezikwa kabla umeme haujafika kijijini, na koti lake lilikuwa na udongo mabegani. Wakamsogezea kiti. Akasema hana raha kaburini tangu aonyeshwe akimkodolea macho mkwewe.

"Shamba lile nililigawa mimi, kwa mkono wangu," alisema. "Ni la mkwe wangu. Kitabu kimesema kweli."

Lakini alipovuka tu kizingiti, Tulinagwe alikuwa ameshatoka kwa mlango wa uani, kanga usoni.

"Ndaga, tata, asante baba, tumekusikia," Ezron alisema. "Ila mlalamikaji katoka. Mlalamikaji akitoka, shauri linalala."

"Katoka kwa kuniheshimu mimi."

"Kuheshimu gani tena, tata? Juzi mmekunywa chai pamoja, tumewaona."

Mzee akainuka kitini. Asajile alimwomba abaki ale, akakataa kwa upole.

Njiani alipita kando ya migomba ambamo Tulinagwe alikuwa amechutama. Alisimama, akaugeuzia mgomba wa karibu uso wake.

"Mwambie mkwe wangu nimesema."

"Mwambie baba nimesikia," Tulinagwe aliuambia mgomba wake. "Mwambie namshukuru sana."

Mzee akashika njia ya makaburini.

Kesho yake Asajile alivuna ndizi kwenye shamba lile, akamletea shemeji yake mkungu mmoja mnono, ameubeba begani mchana kweupe. Majirani walimsifu: mtu mwema, vilevile kama kwenye filamu. Tulinagwe aliupokea kwa mikono miwili, akamenya, akapika. Migomba ile aliipanda yeye, akiwa bibi harusi, na ndizi zake alizila siku hiyo huku akisema asante.