Meno ya Kahawia

Letisia alimwonea wivu Philomena tangu mwanamke huyo alipohamia Endasak na mumewe, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano. Binti yao alikuwa na meno meupe kama unga wa ngano, na pipi mfukoni kila siku. Meno ya Zita, binti wa Letisia, yalikuwa ya kahawia; mtoto akicheka, anaziba mdomo.

Siku ya kliniki nesi aliwamulika mabinti wote wawili tochi vinywani.

“Ya Zita yametiwa rangi na maji ya kisima tu, ni mazima. Huyu wa meno meupe, magego mawili yametoboka. Pipi hizo, mama.”

Letisia alifurahi, Mungu amsamehe.

Njiani Philomena akamkimbilia. “Mama Zita, wako anapiga mswaki na nini?”

“Kwani dereva haleti dawa ya meno ya dukani?”

“Analeta. Mtoto anailamba.”

Letisia alitaka kunyamaza, ila mtoto wa Philomena alikuwa ameshika shavu, analia. Akakata kijiti cha mti wa mswaki, akaiponda ncha, akampa.

“Kila ukimaliza kula, mwanangu. Na pipi mwachie baba.”

Mtoto akacheka. Yale meno meupe yakamchoma Letisia tena.