Matone Chini ya Ulimi

Chibalonza alitoka kwa daktari wa Granville, mtaa wa Sydney, akisonya. Mashine ya presha ilikuwa imesoma mia na tisini kwenye mkono wa mumewe, na yule kijana mwenye miwani alifanya nini? Alimwambia Murhula akae kitini apumzike! Akampima tena, akamwongezea kidonge cha kumeza kila asubuhi, akasema presha itashuka polepole, arudi baada ya siku chache. Kichwa kikiuma sana au kifua kikibana, aende hospitali mara moja. Polepole! Ugonjwa wa kuua mtu, daktari anauchukulia kama mafua.

"Docteur gani huyu?" alifoka njiani. "Anaona moto inawaka, anasema tungojee mvua."

"Lakini mimi sisikie mubaya," alisema Murhula. "Kichwa haiume. Minasikia tu njaa."

"Nyamaza! Wewe ulisomea wapi?"

Yeye alikuwa amesoma. Alikuwa muuguzi Bukavu, Kongo, miaka mingi, na huko mgonjwa wa presha hakuwekwa kitini. Ulitoboa kapsuli kwa sindano, ukamkamulia matone chini ya ulimi, presha ikaporomoka mbele ya macho na ndugu wakamshukuru Mungu. Huku Sydney walimpa kazi ya kuogesha wazee, jambo lililomkera hadi leo. Lakini kila ndugu aliyekuja kutoka Bukavu alimletea kapsuli zake, akazificha kwenye kopo la majani ya chai. Kina mama wote wa kanisani walijua kopo hilo lilipo.

Walipofika nyumbani alimpima tena kwa mashine yake mwenyewe. Murhula ndiyo kwanza amemaliza kupanda ngazi, na njia nzima amekaripiwa. Ingekuwa ajabu kama presha isingepanda. Mia mbili na tano.

"Unaona? Mdharau mwiba mguu huota tende. Fungua kinywa."

Murhula alifungua, maana amani ya nyumba ile ilipatikana hivyo. Presha ikashuka hadi mia na hamsini, ikaendelea, ikafika tisini. Chibalonza akaipiga picha mashine, akairusha kwenye kundi la kina mama: "Tazameni kazi ya kwetu." Kisha akampakulia mumewe ugali.

Tonge la kwanza halikufika kinywani. Mkono ulianguka kwenye mchuzi, mdomo ukaenda upande, na Murhula alipotaka kusema ikatoka sauti ya mtoto mchanga.

Hospitalini, daktari mama wa makamo alimsikiliza mpaka mwisho. Chibalonza alijiandaa kwa ubishi, lakini mwenzake hakubisha. Alimweleza kwamba ubongo wa Murhula ulikuwa umezoea presha ya juu. Ilipokatwa ghafla, damu haikufika, na sehemu yake ikafa. Kutumia kapsuli namna ile madaktari walikwisha kuacha zamani, kwa sababu ilipoozesha watu, wengine ikawaua.

Chibalonza alitaka kusonya, midomo ikakataa. Aliwakumbuka wale wa Bukavu waliopooza presha ikiwa imeshuka vizuri, na jinsi alivyowagombeza ndugu zao kwa kuchelewa kuwaleta.

Murhula aliporudi nyumbani, kina mama walikuja na sufuria zao kumpa pole. Alikuwa kitini, mkono wa kulia umelala mapajani.

"Mungu akubariki, mama," alisema Nibigira, Mrundi wa kwaya. "Bila wewe tungekuwa matangani. Sasa na mama yangu presha imempanda. Nigawie moja tu."

Murhula akaguna. Chibalonza akalileta kopo, akalikumbatia.

"Hii ndiyo ilimukata mukono. Haikuwa tension, ile presha yake. Ni mimi."

Nibigira akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Sema tu hutaki kunipa. Siku hizi umekuwa mzungu."

Akasonya msonyo mrefu, akachukua sufuria yake, akatoka. Chibalonza aliujua msonyo ule. Ndio aliomsonyea yule kijana wa Granville. Alimwaga kapsuli zote kwenye sinki, akamkimbilia Nibigira ngazini bila viatu, akamshika kitenge.

"Mupeleke kwa ule docteur mwenye miwani," alimsihi, machozi yakimtoka. "Na akisema polepole, Nibigira, umusikilize."