Gitaa Mapajani

"Mara ya kumi na moja hiyo, Noy Seyo! Nahesabu!" Nang Isyang aligonga ukuta wa mianzi kwa mwiko. "Ukifika palepale unakwama. Umalize, au uuache wimbo wa watu!"

"Ziba masikio, Nang," alijibu Seyo. Kwao "Nang" ni dada na "Noy" ni kaka, kwa heshima.

"Nizibe kwa mikono ipi? Nakatakata vitunguu vya watu sitini!"

"Ndiyo maana unalia. Usinisingizie mimi."

Wanawake waliokuja kumsaidia jirani kupika wakaangua kicheko. Noy Seyo naye alitabasamu, lakini upande wake wa ukuta hapakuwa na wa kutabasamu naye.

Wimbo wenyewe ulikuwa kipenzi cha marehemu Kardo, mume wa Isyang. Miaka thelathini waliupiga pamoja, Kardo na Seyo, magitaa mawili, benchi moja. Leo mwaka wa msiba unatimia: Isyang atavua nguo nyeusi, na muziki, ambao haujasikika ndani ya nyumba ile tangu mazishi, utaruhusiwa kurudi. Mtaa mzima ulijua ni nani angeurudisha. Walijua mpaka Seyo alipoanguka mnazini akigema tembo, miezi minane iliyopita. Mkono wa kushoto ukaunga vibaya. Kiwiko hakinyooki, na kiganja kimebaki kutazama chini, hakigeuki kushika shingo ya gitaa. Sasa watu walikuwa wakinong'onezana habari za vijana fulani wa ng'ambo ya mto wenye kinanda cha umeme.

Na mtu ambaye hakuna harusi iliyowahi kumpita akawa wa kula peke yake. Kila jioni Isyang huita, "Noy, njoo tule!" Naye hujibu, "Nimeshashiba, Nang," hali sufuria yake ni baridi. Ndiyo adabu ya kwao: mwito wa kwanza ni heshima, na kuukataa ni heshima. Anayekutaka kwelikweli huita tena. Isyang hajawahi kuita tena, na Seyo alielewa alivyoelewa.

Njia moja ya kupiga kwa mkono ule ilikuwepo. Aliwahi kuijaribu kilabuni, gitaa limelala mapajani, vidole vikizishukia nyuzi kutoka juu. Berto, mwenye kilabu, akapaza sauti: "Kaka, unapiga gitaa au unakanda unga?" Wote walicheka, Seyo akiwemo. Hakurudi tena.

Sasa alifunga dirisha, akalilaza gitaa kama anayemwogesha mtoto mchanga. Akaanza polepole. Pale pa kukwama vidole vilishuka, uzi mmoja ukakwaruza, wimbo ukapita. Ukapita! Akaufuata hadi mwisho, jasho likimtiririka shingoni.

Ng'ambo ya ukuta visu vilinyamaza.

Mara Isyang yuko mlangoni na gauni lake jeusi, mikono inanuka vitunguu. Seyo alilifunika gitaa kwa kiwiko.

"Usitazame, Nang. Ukiusikia ni wimbo, ukiuona ni kichekesho."

"Nani kakwambia nimekuja kutazama? Njoo tule."

"Nimeshashiba, Nang." Maneno yalimtoka yenyewe.

Isyang hakuondoka. "Umeshiba nini, na sijaona moshi kwako tangu asubuhi? Miezi minane unanijibu hivyo. Nikasema basi, huyu hatutaki tena, tusimsumbue."

"Ulikuwa unaita mara moja tu, Nang."

"Na wewe unakataa mara moja tu! Ungekataa mara mbili ningejua una njaa."

Seyo aliinuka.

Alimfuata, gitaa kwapani. Mlangoni kwa Isyang akasita. Nyumba ilijaa pomoni: shangazi, wakwe, watoto, na Berto kaketi karibu kabisa na sahani ya nguruwe wa kuchoma. Macho yote yakaenda kwenye ule mkono.

"Mnatazama nini? Berto, ondoka kwenye benchi la Kardo," alisema Isyang. Kisha akageuka. "Noy, njoo tule. Ya pili hiyo. Na ya tatu: ingia ndani, wali unapoa."