Skrubu Zilizotaka Nitikise Kichwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanga foleni bombani na kola yangu ya shingo, na mbele yangu zimesimama skrubu mbili, kila moja na ndoo yake.

Nilizijua. Ndizo alizonionyesha daktari, za kunifunga shingoni asubuhi. Alisema mfupa wa juu kabisa wa shingo ni duara kama kata ya kitambaa ya kubebea ndoo kichwani, na wangu umelegea tangu nilipoanguka na mzigo. Ukiteleza zaidi, hivi vidole vinavyokufa ganzi havitaamka tena. "Mpaka nikufunge, usitikise kichwa."

"Esha binti Saidi?" inauliza skrubu ndefu.

"Ndiyo mimi."

"Unakubali tuingie?"

"Nakubali."

"Tikisa kichwa."

"Nimekatazwa."

Skrubu fupi inamtazama mwenzake. "Basi hajakubali."

"Nimekubali! Huu si mdomo?"

"Mdomo wako unakubali kila kitu. Jana shangazi yako alisema atakukanda, ukajibu sawa."

"Nilijibu ili anyamaze!"

"Jamani fanyeni haraka," mfupa unalalamika ndani ya kola, "mimi huku nateleza."

"Wewe kata, nyamaza, hujaulizwa," inaukemea skrubu ndefu.

Bomba limekuwa kitanda cha wodini. Foleni ipo palepale. Shangazi Somoe, mkandaji wa mtaa mzima, anapita pembeni bila kupanga foleni, chupa ya mafuta ya nazi mkononi.

"Shingo imetenguka tu, mwanangu. Navuta mara moja, inalia ko, tunarudi nyumbani. Vyuma vya nini? Kwani wewe mlango?"

"Shangazi, ukivuta napooza mwili mzima."

"Si ulisema sawa?"

"Umeona?" zinasema skrubu kwa pamoja.

Nilichoka. Nilichoka mpaka kola ikapiga miayo.

"Haya. Kama kwangu hamwezi, anzeni na chupa ile."

"Imekubali?" inauliza skrubu fupi.

Chupa ikatikisa kichwa, taratibu, kama mtu mzima anayesikiliza shauri. Skrubu ndefu ikatua ndoo yake, ikapanda juu ya kifuniko, ikajizungusha mpaka ikalia kri.

Nikaamka. Kumekucha. Shangazi yuko kando ya kitanda, ameng'ata kifuniko cha chupa kwa magego, hakifunguki.

"Esha, umeifunga wewe hii? Jana ilifunguka vizuri tu."

"Mimi? Kwa vidole hivi?"

Nesi akaingia akisukuma kitanda cha magurudumu. "Mama, hayo mafuta weka kando, shingo ya huyu haiguswi. Esha, uko tayari?"

"Niko tayari," nikasema, kwa sauti, wodi nzima isikie.

Shangazi akanuna, akaitua chupa kwenye kikabati, usawa wa macho yangu. Katikati ya kifuniko palikuwa na mfereji mdogo, mpya, wa kuingiza bisibisi.