Kigoda Kilicholazwa

Mimi ndiye niliyemsainia Boatemaa fomu ya kwenda Denmark kusoma historia muhula mmoja. Walimu wenzangu hapa Kumasi wakanicheka: "Huyo bubu, asiyefungua mdomo darasani? Atatutia aibu!"

Jana kanipigia simu. Profesa wa huko aliwaonyesha picha ya zamani ya ua wa nyumba ya Kiashanti, kigoda kimelazwa ubavu, akadai palitokea ugomvi.

"Nikanyoosha mkono, Mwalimu. Nikamwambia hakuna aliyegombana. Mwenye kigoda kainuka tu, akakilaza, mzimu usije ukakikalia."

"Akasemaje?"

"Akauliza nimesoma kitabu gani. Nikamwambia nimefunzwa na bibi."

Profesa akafuta maelezo yake kwenye ukurasa wa picha ile, akaandika mapya, na chini yake chanzo: Nana Afrakoma, Kumasi.

Bibi huyo hajui hata kusoma. Boatemaa kanitumia ukurasa wenyewe, nami nimetoa nakala, nikazibandika milangoni kwa wale wenzangu wote.