Jeshi Lisilo na Sare

Mama mkwe alimpelekea mkamwana wake chakula kazini, kwenye maabara ya wadudu, na alichokikuta huko kilimkata hamu ya kula yeye mwenyewe. Chumba kizima nzi. Nzi ndani ya droo, kila mmoja amechomwa pini mgongoni: wa kijani, wa buluu ya kung'aa, weusi tii, wengine kama wamechovywa dhahabu.

"Wote hao ukoo mmoja, mama," mkamwana alisema akinawa mikono. "Nzi askari."

"Jeshi gani hilo, kila mtu na sare yake?"

"Tazama mabawa. Mishipa imesongamana ukingo wa mbele, ndipo tunapowatambua." Mara akakumbuka jambo, akatoka mbio kumwita mkuu wake. Asubuhi ile alikuwa amenasa kitu walichokitafuta miaka.

Mezani palikuwa na chupa. Ndani yake nyigu wa mistari ya njano amegandana na nzi mdogo wa kijani, mkia kwa mkia, anamburuta. Mwiba umemwingia maskini wa Mungu, mama mkwe akawaza, na mwenye nzi yuko huko anapiga soga. Akafungua kifuniko, akawamwaga mezani, akawatenganisha kwa kijiti. Nyigu akala kandambili. Nzi akapita dirishani, huyo.

Mkamwana aliporudi na mkuu wake, kijana wa rika la mumewe, alikuta chupa tupu na kandambili juu ya meza.

"Mama, yule si nyigu. Hana hata mwiba. Ni nzi askari jike. Yule wa kijani ni mumewe."

Mama mkwe akaitazama kandambili yake kama vile imemgeuka.

"Wenzangu wote wanashikilia kwamba wa njano na wa kijani ni aina mbili. Mimi nasema moja. Ushahidi wangu ulikuwa wao wenyewe, wameshikana."

Mkuu akaokota mabaki kwa kibano. "Bawa limesalimika, jike tunalo. Lakini kwamba walikuwa pamoja, ukiacha wewe, nani mwingine aliona?"

Mama mkwe, ambaye tangu aolewe hajatamka mambo hayo mbele ya mkwe, akavuta mtandio ukamfunika nusu ya uso.

"Mimi," alisema. "Andika, baba. Walikuwa kwenye unyumba wao, mchana kweupe, nami nikaivunja ndoa ya watu."

Mkuu akachukua kalamu, uso mkavu. "Ahsante, mama. Sasa nieleze vizuri. Walikaaje?"

Mama mkwe akatafuta kiti.